Jiko la Mkaa na Hesabu ya Upotevu

Kwa miongo mingi mkaa umekuwa nishati kuu ya kupikia katika jiji la Dar es Salaam. Taarifa ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2009 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2001 na mwaka 2007 kaya zilizotumia mkaa jijini humo ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71. Matumizi ya nchi nzima yalikadiriwa kufikia tani milioni moja kwa mwaka, na karibu nusu ya mkaa huo ulichomwa katika majiko ya Dar es Salaam peke yake.

Mkaa huo una asili yake porini. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa misitu iliyo kati ya kilomita 10 na kilomita 220 kutoka jijini. Walilinganisha hali ya misitu hiyo mwaka 1991 na hali yake mwaka 2005, wakaona kwamba eneo la uchomaji mkaa lilikuwa likisonga mbali na jiji kwa kiasi cha kilomita mbili kila mwaka. Kadiri msitu unavyorudi nyuma, ndivyo gari linavyokwenda mbali zaidi kufuata mkaa, na gharama ya safari hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho: mama wa nyumbani wa Mbagala au Tandika upande wa Temeke, au mama lishe wa Tandale au Mwananyamala upande wa Kinondoni, anunuaye mkaa wake kwa kopo.

Kati ya msitu na sufuria kuna chombo kimoja kidogo ambacho watu hukiona kila siku bila kukitafakari, nacho ni jiko. Kifaa hicho kinafaa sana kuonyesha jinsi kanuni za uzalishaji usio na upotevu zinavyoweza kutumika katika usanifu wa bidhaa isiyoharibu mazingira, na jinsi maendeleo ya kazi hiyo yanavyopasa kupimwa.

Upotevu ni nini?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani vilikuwa na uhaba wa mtaji na wa malighafi. Katika kiwanda cha magari cha Toyota, mhandisi Taiichi Ohno aliongoza utaratibu wa kazi ambao msingi wake ni swali moja: katika yote yanayofanyika hapa, lipi linamfaa mnunuzi, na lipi ni gharama tupu? Lisilomfaa mnunuzi aliliita upotevu, akaugawa upotevu huo katika aina saba: kuzalisha kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha vitu pasipo haja, kufanya kazi ya ziada isiyotakiwa, kulimbikiza vitu ghalani, mwendo usio wa lazima wa mfanyakazi, na kutengeneza bidhaa mbovu.

Kwa Kijapani upotevu huitwa muda. Kwamba neno hilo latamkwa sawasawa na neno la Kiswahili lenye maana ya wakati ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayomsaidia mwanafunzi kukumbuka, kwa kuwa sehemu kubwa ya upotevu katika karakana ni wakati uliopita bure.

Tanzania si ngeni kwa mafundisho haya. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi na kuboresha huduma hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa kushirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ilianza kueneza utaratibu huo, uitwao kaizen, katika viwanda vya nchini. Kinachohitaji kusisitizwa ni kwamba kanuni hizi si za viwanda vikubwa pekee. Fundi mwenye nyundo, mkasi wa bati na pipa chakavu anaweza kuzitumia, na msanifu wa jiko vilevile.

Mahali joto linapopotelea

Mpishi hahitaji mkaa. Anahitaji maharage yaive na wali usiungue, kwa gharama anayoimudu. Kwa hiyo joto linaloingia katika sufuria ndilo lenye thamani, na joto jingine lote ni upotevu.

Jiko la kawaida la bati tupu hupoteza joto kwa njia tatu. Kwanza, bati hupitisha joto upesi kutoka kwenye makaa hadi upande wa nje. Pili, ubavu wa jiko ulio moto hunururisha joto kuelekea miguu ya mpishi na kuta za jikoni, kama jua linavyonururisha joto duniani. Tatu, hewa iliyogusa jiko hupata moto, hupanda juu na kuondoka, na hewa baridi huchukua nafasi yake ili nayo ikaondoke na joto. Ongeza hapo mkaa unaoendelea kuwaka baada ya chakula kuiva, kwa sababu jiko halina namna ya kupunguziwa hewa. Kwa sababu hizo, majiko ya bati tupu kwa kawaida huingiza katika sufuria kati ya asilimia 10 na 20 tu ya nishati iliyomo katika mkaa.

Upotevu huo hauanzii jikoni. Tanuri la udongo la porini huhitaji kati ya kilo 5 na kilo 10 za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa, kutegemea ujuzi wa mchomaji na ukavu wa kuni. Hivyo kila kilo ya mkaa inayookolewa Temeke ni kilo kadhaa za mti zilizobaki zimesimama.

Safari ya umbo moja

Historia ya jiko bora la Afrika Mashariki yaonyesha faida ya kuondoa yasiyohitajika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilianzisha mradi wa nishati mbadala, na mafundi na wataalamu wa huko walilichunguza jiko la Thailand lililofanana na ndoo: bati kwa nje, udongo uliochomwa kwa ndani. Udongo huo hupitisha joto polepole kuliko bati, kwa hiyo huyazuia makaa yasipoteze joto lake ubavuni.

Hata hivyo, jiko la ndoo halikuchukuliwa lilivyo. Katika jiko lililokuja kuenea Kenya, bati lilipewa umbo la kiuno chembamba chenye kitako kipana ili jiko lisipinduke wakati mpishi anaposonga ugali. Kikombe cha udongo kiliwekwa nusu ya juu tu, mahali palipo na makaa. Nusu ya chini, inayopokea majivu na kuingiza hewa, haina haja ya udongo. Hivyo jiko lilikuwa jepesi, lilitumia udongo mchache, na lilimfaa mpishi zaidi. Kimlango kidogo cha bati upande wa chini humwezesha mpishi kupunguza hewa chakula kinapohitaji moto wa taratibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi wa wizara iliyohusika na nishati uliosaidiwa na Benki ya Dunia ulianza kulieneza jiko la namna hiyo jijini Dar es Salaam, nalo likajulikana kwa jina la Jiko Bora. Kazi ya kuwafundisha mafundi na wafinyanzi iliendelezwa baadaye na mashirika ya wananchi, likiwemo TaTEDO.

Upotevu katika karakana

Jiko linaloweka akiba ya mkaa lakini linatengenezwa kwa upotevu litakuwa ghali, na mwenye kipato kidogo hatalinunua. Kwa sababu hiyo usanifu na utengenezaji havitenganishwi.

Jiko Bora hupita katika mikono ya mafundi wa aina mbili: mfinyanzi atengenezaye kikombe na fundi bati atengenezaye gamba la nje. Upotevu mwingi huzaliwa pale kazi ya mmoja inapokutana na kazi ya mwingine. Kikombe kikizidi ukubwa, fundi bati hukikwangua ili kiingie, na hapo ufa huanza. Kikipungua, nafasi hujazwa saruji nyingi isiyo ya lazima. Dawa yake ni rahisi: kiolezo kimoja cha bati, duara la kipimo kilichokubaliwa, nakala moja kwa mfinyanzi na nyingine kwa fundi bati. Kikombe kisichopita katika duara hilo hakipelekwi tanurini, kwa maana kukichoma ni kuongeza kuni juu ya hasara.

Upotevu wa pili ni kupasuka wakati wa kuchoma. Kikombe chenye maji ndani yake hupasuka kwa sababu maji hugeuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka. Chenye unene usiolingana hupasuka kwa sababu sehemu zake hunywea kwa kiasi tofauti. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba katika kila vikombe 100 vinavyochomwa 20 hupasuka. Ili kupata vikombe vizuri 80 zimetumika kuni za vikombe 100, yaani kila kikombe kizuri kimebeba kuni za kikombe kimoja na robo. Ikiwa kwa kuanika kivulini, kutumia kalibu moja na kupandisha moto polepole vinavyopasuka vitapungua hadi 8, kuni za kila kikombe kizuri zitapungua kwa asilimia 13, bila ya kununua mtambo wowote.

Upotevu wa tatu ni wa bati. Fundi akichora vipande vyote vya jiko kwenye bati kabla ya kukata, na kuvipanga vikubwa kwanza kisha vidogo katika mapengo, mabaki yatapungua. Mabaki yaliyosalia hutosha vimlango na vishikio. Na kwa kuwa kikombe huchakaa kabla ya bati, gamba lisanifiwe ili kikombe kiweze kubadilishwa. Jiko ambalo hutupwa lote kwa sababu ya kikombe kilichopasuka limehesabiwa vibaya tangu mwanzo.

Karakana isiyo na mhasibu yaweza kuyafuatilia haya kwa chaki ubaoni, tarakimu nne kila wiki: vikombe vilivyochomwa, vilivyopasuka, majiko yaliyouzwa, na majiko yaliyorudishwa na wanunuzi pamoja na sababu. Fundi ajuaye sababu ya jiko kurudishwa amepata somo la usanifu bila ya kulilipia ada.

Kupima maabarani na kupima nyumbani

Swali gumu ni hili: ni nani anayejua kwamba jiko jipya ni bora kuliko la zamani? Muuzaji husema hivyo, na aliyelinunua hutaka iwe hivyo. Sayansi hudai kipimo.

Mnamo miaka ya 1980 shirika la Marekani la VITA lilichapisha kanuni za kimataifa za kupima majiko, zenye vipimo vya namna tatu. Cha kwanza ni kuchemsha maji, cha pili ni kupika chakula kilekile kwa majiko tofauti, na cha tatu ni kupima matumizi ya kaya kwa siku kadhaa. Kanuni hizo zimesahihishwa mara nyingi tangu hapo, na mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango chake cha kupima majiko maabarani.

Kipimo cha kuchemsha maji kinaweza kuelezwa kwa mfano wa hesabu. Lita 2.5 za maji zenye nyuzi 27 za Selsiasi hutiwa katika sufuria, huchemshwa hadi nyuzi 100, kisha huachwa zikichemka hadi kilo 0.3 zigeuke mvuke. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji kilojuli 4.2, na kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260. Kwa hiyo joto lililoingia katika maji ni kilojuli 767 za kuchemsha na kilojuli 678 za mvuke, jumla 1,445. Gramu moja ya mkaa ina takriban kilojuli 29. Iwapo jiko la bati limetumia gramu 300 za mkaa, yaani kilojuli 8,700, ufanisi wake ni kama asilimia 17. Iwapo Jiko Bora limetumia gramu 180 kwa kazi ileile, ufanisi wake ni kama asilimia 28, na mkaa umepungua kwa asilimia 40.

Kipimo hiki ni kizuri kwa msanifu anayetaka kujua kama kubadili ukubwa wa matundu ya kikombe kumeleta faida. Lakini hakuna kaya inayokula maji yaliyochemka. Nyumbani mpishi hukatizwa na mtoto, sufuria huwa kubwa au ndogo, na mkaa huwa na unyevu. Hivyo kipimo cha mwisho ni jikoni kwa mpishi mwenyewe.

Utaratibu wake si mgumu. Mkaa wa kaya hupimwa kwa mizani kila asubuhi kwa siku 7 kaya ikitumia jiko la zamani. Kisha kaya hupewa jiko jipya, huachwa wiki mbili ilizoee, na mkaa hupimwa tena kwa siku 7. Kopo lisitumike kama kipimo, maana makopo hutofautiana kwa ukubwa, na mkaa wenyewe hutofautiana kwa uzito. Tena idadi ya walaji iandikwe kila siku. Chukua kaya ya watu 6 iliyotumia kilo 14 katika wiki ya kwanza, na kilo 12 katika wiki ya pili baada ya wageni wawili kuwasili. Mtu atazamaye kilo pekee atasema akiba ni kilo 2 tu. Lakini kwa kila mlaji kwa siku, matumizi yameshuka kutoka kilo 0.33 hadi kilo 0.21, yaani yamepungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Hesabu inayodanganya

Miradi mingi ya majiko imepima maendeleo yake kwa idadi ya majiko yaliyogawiwa au kuuzwa. Idadi hiyo ni rahisi kuipata, na inapendeza katika taarifa. Lakini jiko lililouzwa si jiko linalotumika, na jiko linalotumika si lazima liwe ndilo pekee nyumbani. Kaya nyingi huwa na majiko mawili au zaidi, na jiko la zamani huendelea kuchemsha maji ya kuoga.

Mfano ufuatao ni wa kukadiria tu, lakini unaonyesha ukubwa wa kosa linaloweza kutokea. Mradi umeuza majiko 1,000, na maabara imesema kila jiko huokoa asilimia 40 ya mkaa. Baada ya mwaka mmoja, majiko 600 ndiyo yangali yakitumika. Katika nyumba hizo jiko jipya hupika asilimia 70 ya vyakula. Na akiba iliyopimwa jikoni ni asilimia 30, si 40. Zidisha: 0.6 mara 0.7 mara 0.3 ni 0.126. Akiba halisi ya kaya zote 1,000 ni chini ya asilimia 13, ambayo ni kama theluthi ya ile iliyotangazwa.

Hesabu hii haipaswi kumkatisha tamaa msanifu. Kinyume chake, inamwonyesha mahali pa kufanya kazi. Kama majiko 400 yameachwa, na aende akaulize kwa nini. Akikuta kwamba vikombe vimepasuka, tatizo liko kwa mfinyanzi. Akikuta kwamba sufuria kubwa ya ugali haikai vizuri, tatizo liko katika umbo. Jiko lenye ufanisi mdogo kidogo maabarani, lakini linalodumu na kupendwa, laweza kuokoa msitu mwingi zaidi kuliko jiko hodari lililowekwa uvunguni.

Kwa kaya moja inayookoa kweli kilo 4 za mkaa kila wiki, akiba ya mwaka ni zaidi ya kilo 200. Kwa kadiri ya matanuri ya porini, hizo ni kati ya tani moja na tani mbili za kuni.

Mipaka ya Jiko Bora

Jiko Bora hupunguza mkaa, haliuondoi. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika chumba kisichopitisha hewa. Jiko lolote la mkaa, bora au la kawaida, lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, wala lisitumiwe kukausha nguo au kuota moto usiku.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati safi, kama vile gesi na umeme. Somo la jiko la mkaa linahusu nishati hizo pia. Mtungi wa gesi uliogawiwa na kubaki mtupu pembeni mwa jiko la mkaa ni sawa na kikombe kilichopasuka: umeingia katika hesabu, lakini haujapika chakula. Wanaohusika na mkakati huo watafanya vema kupima, pamoja na mitungi iliyotolewa, mara ngapi mtungi umejazwa tena, na ni kilo ngapi za mkaa ambazo kaya haikununua wiki hiyo.